Wasimamizi wangu wawili, mmoja wa elimu na mmoja wa mitandao, wanavutana juu ya darasa langu. Nimfuate nani?

#1 Chaki_Dagoretti
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 5 huku Dagoretti, na jioni nasomea uzamili. Tasnifu yangu inahusu chumba cha vishikwambi cha shule yetu. Viko 40. Vikiwashwa vitano, ukurasa wa somo la sayansi unafunguka kwa sekunde nne hivi. Vikiwashwa vyote, nimehesabu kwa saa ya mkononi, ni sekunde hamsini, dakika nzima, na siku nyingine haufunguki kabisa. Kipindi ni dakika 35. Watoto wanaanza kutazama nje, nami narudi ubaoni.

Sasa, wasimamizi. Yule wa elimu aliandika pembeni mwa rasimu: "Hii ni kazi ya fundi. Tuonyeshe mwalimu anafundishaje." Yule wa kompyuta akaandika: "Ondoa sura ya ufundishaji, haina vipimo." Miezi minne napanda matatu na rasimu hiyo hiyo kati ya ofisi mbili. Nawaheshimu wote, kila mmoja ni bingwa wa taaluma yake. Lakini ninavyoona mimi, wataalamu wa teknolojia ya elimu na wataalamu wa mitandao wanatafiti darasa lile lile na hawasomani. Anayejua anisaidie: darasa langu linakwamishwa na nini hasa?

#2 Jirani_Umoja
Pole mwalimu. Mtoto wangu yuko gredi hiyo hiyo, kwa hivyo niko hapa hadi mwisho.

#3 Fundi_Ngong_Road
Mwalimu, kabla ya kutibu tupime. Nijibu haya: (a) mmelipia kasi gani ya kushusha na ya kupandisha? (b) ruta, yaani kifaa kinachoingiza intaneti shuleni, ni ile mliyopewa na kampuni au mlinunua? (c) vidude vya waifai viko vingapi na vimefungwa wapi? (d) vishikwambi vyote vikiwa vimewashwa, ukituma pakiti (kifurushi kidogo cha data) ya majaribio kutoka kipakatalishi chako hadi kwenye ruta yenu tu, inachukua muda gani kwenda na kurudi? Na ukiituma hadi nje ya shule je?

#4 Chaki_Dagoretti
Ahsante Fundi. (a) Megabiti 10 kushusha, 2 kupandisha. (b) Ya kampuni. (c) Kimoja, kiko ofisi ya mwalimu mkuu, ukuta wa pili kutoka chumba cha kompyuta. (d) Sijawahi kupima hivyo, nitajaribu kesho.

#5 Mwalimu_Mstaafu
Binti yangu, nimefundisha miaka 34. Msimamizi wako wa elimu hakukosea. Mwaka 1983 Richard Clark, mtafiti wa Marekani, alipitia tafiti nyingi za vyombo vya kufundishia, redio, televisheni, kompyuta, akasema chombo ni gari tu. Lori linaloleta mboga sokoni halibadilishi lishe ya mlaji. Kinachobadilisha ni mboga zenyewe. Hata ukurasa ukifunguka kwa sekunde moja, kama somo lililomo ni bovu, watoto watapata ubovu haraka zaidi.

#6 Tasnifu_Mwaka_wa_Sita
Mzee wangu shikamoo. Nakubaliana nusu. Clark alijibiwa. Robert Kozma mwaka 1991, na tena 1994, alisema chombo na mbinu havitengani kirahisi hivyo, kwa sababu kuna mambo ambayo chombo fulani kinawezesha na kingine hakiwezi. Mtoto anayesogeza mzizi wa mmea kwenye kioo na kuona maji yanapanda, huyo hafanyi kile kile cha kuangalia mchoro ubaoni. Ubishi huo bado unasomeshwa vyuoni hadi leo.

Ila kuna jambo wote wawili hawakulizungumza sana: lori likikwama njiani, mboga zinaoza. Dada Chaki anauliza habari za barabara.

#7 Mwalimu_Mstaafu
Marahaba. Hapo kwenye mboga kuoza umenipata.

#8 Mombasa_Damu
Wabara leo mmeandika "vishikwambi" na "kipakatalishi" bila kulazimishwa, mwenyewe nimefurahi. Endeleeni.

#9 Fundi_Ngong_Road
Nikirudi kwa #4. Megabiti 2 za kupandisha kwa vishikwambi 40, na ruta ya kampuni. Mimi nashuku uvimbe wa bafa. Nieleze kidogo, maana hiki ndicho kitu ambacho wataalamu wa mitandao wanakijua na shuleni hakifiki.

Kila ruta ina bafa, mahali pakiti zinaposubiri zamu ya kutoka. Fikirini stejini Kencom saa kumi na moja jioni. Ukipanua eneo la kusubiria, matatu haziongezeki, watu ndio wanaosimama muda mrefu zaidi. Tuseme bafa inabeba kilobaiti 500. Hizo ni kilobiti 4,000, na njia ya kupandisha inapitisha 2,000 kwa sekunde. Ikijaa, pakiti ya mwisho kwenye foleni inasubiri sekunde mbili kabla hata haijatoka getini. Na kufungua ukurasa mmoja si safari moja: kuuliza anwani, kupeana mkono na seva (kompyuta inayohifadhi ukurasa), kukubaliana usiri, ndipo picha zianze kuombwa. Zidisheni.

Foleni za intaneti zilishawahi kuua mtandao kabisa, 1988 kule California, kasi kati ya majengo mawili jirani ikashuka mara mia nane. Van Jacobson ndiye aliyetafuta dawa.

#10 Mhadhiri_wa_Jioni
Fundi, sahihisho dogo: tukio lilikuwa Oktoba 1986. Makala ya Jacobson ndiyo ya 1988. Ilikuwa kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na chuo cha Berkeley, umbali wa mita zisizofika 400, na kasi ikaanguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Biti, si kilobiti. Maelezo yako mengine yako sawa. Jim Gettys ndiye aliyelipa tatizo la bafa zilizovimba jina karibu na 2010, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Jacobson huyo huyo wakaleta njia ya kusimamia foleni kwa kuangalia pakiti imesubiri muda gani badala ya kuangalia foleni ina urefu gani. Toleo lake linalotenganisha foleni za watumiaji lilichapishwa katika hati rasmi ya kiufundi 2018, na linapatikana bure kwenye programu huria za ruta.

#11 Fundi_Ngong_Road
Ahsante Daktari, nimesahihishwa.

#12 Nyaya_na_Mabati
Mimi napinga uvimbe wa bafa. Someni tena #4: kidude kimoja cha waifai, kuta mbili mbali. Mwalimu, kuta zenu ni za nini?

#13 Chaki_Dagoretti
Ofisi ni ya mawe. Chumba cha kompyuta ni cha mabati, kilijengwa na wazazi.

#14 Nyaya_na_Mabati
Basi jibu ndilo hilo. Bati ni kioo kwa mawimbi ya redio, yanagonga na kurudi. Vishikwambi vilivyo karibu na dirisha vinapata mawimbi mazuri, vya kona ya nyuma vinapata makombo, na kifaa chenye mawimbi dhaifu kinajishusha kwenye kasi ndogo ili kisikike. Hapo ndipo kila mtu anaumia. Waifai ni mazungumzo ya zamu: mmoja akisema, wengine wanyamaze. Anayesema polepole anakula muda wa wote. Watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walilionyesha hilo mwaka 2003: kifaa kimoja cha megabiti 1 kinawavuta wenzake wa megabiti 11 wote wakaribie kasi yake. Mimi hufunga waifai kwenye shule za mabati Mukuru na Kawangware na naliona kila mara. Hamisha kidude, kiweke ndani ya chumba, juu katikati. Gharama ni kebo ya mita ishirini.

#15 Jirani_Umoja
Kwani hivi vishikwambi si vile vya serikali? Tuliahidiwa vipakatalishi 2013.

#16 Tasnifu_Mwaka_wa_Sita
Ahadi ilikuwa ya 2013, ugawaji ukaanza 2016, na vilivyokuja vikawa vishikwambi. Viliundwa na makundi mawili, moja la JKUAT na mwenzake wa Brazil, jingine la Chuo Kikuu cha Moi na mwenzake wa Ureno. Jambo linalosahaulika ni hili: vilikuja na masomo yamo ndani tayari, na kila shule ikapewa seva ya masomo na ruta yake. Mpango haukutegemea intaneti ya nje kwa kila kipindi.

Dada Chaki, seva yenu iko wapi?

#17 Chaki_Dagoretti
Nimesoma swali hili mara tatu. Hivi 40 tulinunuliwa na wafadhili baadaye. Vile vya 2016 viko kabatini pamoja na hicho kisanduku. Kabati lina kufuli mbili kwa sababu ya wezi. Sikumbuki mara ya mwisho kulifunguliwa.

#18 Mwalimu_Mstaafu
Mwalimu mkuu ndiye anayetia sahihi ya vifaa hivyo. Kikipotea kimoja anaulizwa yeye, na visipotumika mwaka mzima hakuna anayemuuliza. Niliwahi kuwa naibu mkuu, nikashika funguo kama hizo. Niliwanyima walimu wenzangu projekta kwa muhula mzima kwa woga huo, na jambo hilo linanisikitisha hadi leo. Watafiti wa elimu na wa mitandao waje wote wawili watafiti kufuli.

#19 Mzee_wa_Setilaiti
Vijana mnanikumbusha mbali. Chuo Kikuu Mtandao cha Afrika, kilichoanzishwa na Benki ya Dunia 1997 na kuhamia Nairobi 2002, mimi nilisoma humo enzi za mwanzo. Mhadhiri yuko ng'ambo, sisi tuko mbele ya televisheni, swali tunauliza kwa simu. Setilaiti ile inakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwenda na kurudi ni nusu sekunde hata anga iwe nyeupe, na hakuna profesa wa kuipunguza, mwendo wa mwanga ndio huo. Ukiuliza swali, mhadhiri ameshaanza sentensi nyingine. Tukajifunza kutouliza. Nilimaliza kozi nikiwa na cheti kizuri na maswali yangu yote mfukoni.

Halafu 2009 mkongo wa chini ya bahari wa TEAMS ukafika Mombasa, na ule wa SEACOM ukaanza kazi mwezi mmoja baadaye. Siku niliyofungua ukurasa ukaja papo hapo niliita watu wa nyumbani waje kuona.

#20 Mombasa_Damu
Mzee, mkongo umeingilia kwetu Mombasa, kisha kasi yote ikapanda basi kuja Nairobi. Hilo nalo litafutiwe msimamizi.

#21 Foleni_ya_Data
Mkongo pekee hautoshi, na hapa naongeza sababu ya tatu kwa mwalimu: masomo yamehifadhiwa wapi? Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000 za kebo, kwenda na kurudi ni sehemu ya kumi ya sekunde hata foleni isiwepo popote. Ndiyo maana KIXP, kituo ambapo kampuni za intaneti za Kenya hubadilishana data humu humu nchini, ilikuwa muhimu. Kabla yake barua pepe kutoka Westlands kwenda Upper Hill ilizunguka ng'ambo kwa setilaiti. KIXP ilipofunguliwa 2002 mambo yakabadilika.

#22 Mhadhiri_wa_Jioni
Ilifunguliwa Novemba 2000. Baada ya wiki chache mdhibiti akaifunga kwa malalamiko kwamba inaingilia haki ya ukiritimba ya Telkom Kenya. Ikarudi 2002. Shirika la Internet Society liliandika 2020 kwamba trafiki ya Kenya inayobadilishwa hapa hapa nyumbani ilitoka asilimia 30 mwaka 2012 hadi 70. Hiyo ni kazi ya wahandisi wa Kenya, na sijaona kitabu cha teknolojia ya elimu kinachowapa hata aya moja, ingawa kila somo la mtandaoni la Covid lilipita mikononi mwao.

Na kwa kuwa nimeingia, nijibu swali la #1 upande wa vyuo. Mimi nafundisha kompyuta. Kupanda cheo kunataka makala kwenye majarida ya fani yako. Nikiandika kuhusu kipindi cha Gredi ya 5, wahakiki wa mitandao wananiuliza kipya ni nini. Mwenzangu wa elimu akiandika kuhusu foleni ya pakiti, wahakiki wake wanamuuliza nadharia ya ujifunzaji iko wapi. Sisi wawili tunakunywa chai kantini moja. Tuna hata KENET, iliyoanzishwa 1999 hasa ili wasomi waunganishwe, na imetuunganisha kwa faiba. Kilichobaki ni sisi kuketi meza moja.

#23 Jirani_Umoja
Daktari, basi kaeni. Watoto wetu hawasubiri cheo.

#24 Mhadhiri_wa_Jioni
Ni haki yako kusema hivyo.

#25 Tasnifu_Mwaka_wa_Sita
Turudi kwa vipimo, kwa sababu Kenya tuna tafiti nzuri na watu hawazitaji. Mbili tu.

Ya kwanza ni Busia, chati za ukutani. Paul Glewwe, Michael Kremer na wenzao walichukua shule 178, nusu zikapewa chati. Ukilinganisha tu shule zenye chati na zisizo nazo, chati zinaonekana kusaidia sana. Jaribio lenyewe halikuonyesha tofauti yoyote ya alama. Kremer akaja kushinda Nobel ya uchumi 2019 pamoja na wenzake wawili kwa kazi za namna hiyo.

Ya pili ni Kisumu, Benjamin Piper na wenzake, ikachapishwa 2016. Wanafunzi kundi moja walipewa visoma-vitabu, kundi jingine walimu wakapewa vishikwambi, kundi la tatu wakapewa wale maafisa wanaozungukia shule kuwasaidia walimu. Kusoma kuliongezeka kote ukilinganisha na shule zisizo na mpango, lakini vifaa havikuzidi kwa uwazi mpango wa kawaida wa vitabu na mafunzo. Kwa kila shilingi iliyotumika, kishikwambi kilichofanya vizuri zaidi ni cha yule afisa. Kimoja kwa shule nyingi! Na hakikuhitaji watoto 40 kugombania waifai. Mpango wa kusoma wa Tusome ulioenea nchi nzima ulifuata njia hiyo.

Kwa hiyo dada Chaki, pengine swali lako halina haja ya ruta.

#26 Nyaya_na_Mabati
Hapana ndugu yangu. Kisumu walipima vifaa vilivyotumika. Vyake havifunguki. Huwezi kusema dawa haifanyi kazi kwa mgonjwa ambaye hajaimeza.

#27 Chaki_Dagoretti
Nimepima leo. Hadi kwenye ruta yetu: vishikwambi vikiwa vimezimwa, milisekunde 3. Vyote 40 vikiwashwa, kati ya 80 na 400, na pakiti nyingine hazirudi. Hadi nje ya shule: 9 vikizimwa, zaidi ya 2,100 vikiwashwa.

#28 Fundi_Ngong_Road
Sekunde mbili na ushee! Hesabu ya #9.

#29 Nyaya_na_Mabati
Na 400 hadi kwenye ruta tu, kabla ya kutoka shuleni? Hiyo ni hewa, si bafa ya kampuni. Soma zote mbili.

#30 Kaka_wa_Cyber
Samahani, mimi sina digrii, nina cyber hapa Kangemi. Nina swali moja. Vishikwambi hivyo huwa vimezimwa wikendi yote, si ndiyo? Vikiwashwa Jumatatu asubuhi vinafanya nini kabla mtoto hajagusa kitu? Kompyuta zangu zikilala siku tatu, zikiamka zote zinaanza kujisasisha kwa pamoja, na wateja wananitukana. Zima kujisasisha, kisha pima tena.

#31 Mhadhiri_wa_Jioni
Nimeaibika kwamba sikuliuliza hilo. Ahsante ndugu.

#32 Mzee_wa_Setilaiti
Mnakumbuka puto za Loon? Julai 2020, intaneti kutoka angani, Telkom na watu wa Google. Januari iliyofuata wakatangaza kufunga. Wataalamu wa mitandao walirusha puto juu kabisa ya mawingu na ziliruka kweli, kazi ya ajabu. Kule zilikopita, mwalimu gani aliulizwa anataka kufundisha nini?

#33 Foleni_ya_Data
Mzee, Loon haikuwa mradi wa shule.

#34 Mzee_wa_Setilaiti
Najua. Ndilo ninalolilia.

#35 Tasnifu_Mwaka_wa_Sita
Dada Chaki, nimelala na swali moja. Kwenye #1 ulisema "nami narudi ubaoni". Unarudi baada ya muda gani? Robert Miller mwaka 1968, na Jakob Nielsen baadaye, waliandika kwamba mtu akingoja kompyuta zaidi ya sekunde kumi mawazo yake yanahama. Hao walikuwa wanazungumzia mtu mmoja na kioo chake. Mwalimu mwenye watoto 40 anavumilia sekunde ngapi? Ukipata namba hiyo, msimamizi wa kompyuta ana kipimo chake, na wa elimu ana uamuzi wa mwalimu, ambao ndio ufundishaji wenyewe.

#36 Chaki_Dagoretti
Nimefungua daftari langu lote la miezi minne. Nimeandika muda wa kurasa mara 212. Muda wa mimi kurudi ubaoni sijauandika hata mara moja.

#37 Mwalimu_Mstaafu
Usijilaumu, binti yangu. Mwalimu akiwa darasani hajioni. Mwombe mwenzako akae nyuma na saa.

#38 Chaki_Dagoretti
Shikamoo Mwalimu, nimefanya hivyo wiki nzima, mwenzangu wa Kiswahili alinisaidia. Kujisasisha nimezima kama alivyosema Kaka wa Cyber. Ukurasa sasa unachukua kama sekunde 20 vyote vikiwa vimewashwa. Kwa hiyo alikuwa na haki, lakini si yote. Ninarudi ubaoni kati ya dakika ya pili na ya tatu. Na hapa ndipo nashindwa kuelewa: siku ya Alhamisi kurasa zilifunguka vizuri, na bado nikarudi ubaoni dakika ya tatu. Mkono tu ulishika chaki. Siku ya Ijumaa niliwasha vishikwambi 13, watoto watatu kwa kimoja. Kukawa na kelele za kubishana kuhusu mizizi, na sikurudi ubaoni kabisa.

#39 Nyaya_na_Mabati
Vifaa 13 hewani badala ya 40. Ni hewa.

#40 Fundi_Ngong_Road
Vifaa 13 kwenye foleni badala ya 40. Ni bafa.

#41 Tasnifu_Mwaka_wa_Sita
Watoto watatu wanaobishana juu ya kioo kimoja. Ni mbinu.

#42 Mwalimu_Mstaafu
Na Alhamisi je? Hamjagusa Alhamisi.

#43 Jirani_Umoja
Alhamisi ni mazoea. Mimi mwenyewe nina jiko la gesi na bado naanza kwa kuwasha makaa.

#44 Fundi_Ngong_Road
Mwalimu, nina ruta yangu yenye programu huria, inasimamia foleni kama alivyoeleza Daktari #10. Nitakuazima. Jumamosi saa tatu asubuhi nije na Nyaya na kebo yake ya mita ishirini. Tubadilishe kimoja kimoja, tupime kila hatua, tusichanganye. Na ile seva ya kabatini tuiwashe tuone kama bado inapumua.

#45 Nyaya_na_Mabati
Nitakuja. Kidude kwanza, ruta baadaye.

#46 Mhadhiri_wa_Jioni
Kama mwalimu ataruhusu, nitakuja na mwenzangu wa kitivo cha elimu. Nimempa uzi huu ausome, amefika #25 na ameanza kubishana nami.

#47 Chaki_Dagoretti
Karibuni sana, nitawapikia chai. Ila naomba tusogeze hadi Jumatatu jioni. Ufunguo wa kufuli ya pili uko kwa naibu, naye yuko Murang'a kwenye mazishi mpaka Jumapili.